Mhariri, hiyo muvi ya X-Men msiitupe kapu moja na nyingine

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yangu ni ndefu na nyinyi mna haki ya kuipunguza, ila mkipunguza naomba sana msiguse sehemu ya Ororo, yule shujaa anayeitwa Storm, huko chini maana hiyo ndo inaniuma zaidi.

Wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa burudani kulikuwa na makala inayosema hizi sinema za kukutanisha mashujaa wa zamani na wa sasa ni biashara tupu, kwamba Hollywood wameishiwa stori sasa wanawarudisha wazee ili watu wazima walipie kumbukumbu za ujana wao na watoto walipie sura mpya, basi. Kwa nyingi nakubali kabisa, nimeziona na zingine nimezima katikati. Lakini mwandishi aliweka orodha, na ndani ya orodha hiyo akaiweka X-Men: Days of Future Past ya mwaka 2014, akaipa mstari mmoja tu, kwamba ni maroboti na milipuko na wazee wawili wamekaa chini. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Hao wazee wawili waliokaa chini ndo muvi yenyewe.

Kwa wasioifuatilia niseme kwa kifupi. X-Men ni watu waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida, wanaitwa mutanti, huyu anasoma mawazo ya watu, yule anavuta chuma bila kukigusa, mwingine anajigeuza sura akawa mtu yeyote, na binadamu wa kawaida wanawaogopa na kuwawinda. Vitabu vyao vya katuni vilianza 1963, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Sinema ya kwanza ikatoka mwaka 2000, Patrick Stewart akiwa Profesa Charles Xavier kwenye kiti cha magurudumu, Ian McKellen akiwa Magneto, rafiki yake wa zamani aliyegeuka hasimu, na Hugh Jackman akiwa Wolverine, yule jamaa wa kucha za chuma. Sisi wengine tulianza nayo kwenye kibanda umiza, benchi za mbao, joto, mtafsiri anaongea juu ya sauti ya muvi na anaongeza na ya kwake. Halafu mwaka 2011 wakaja na First Class, inarudi nyuma mpaka 1962, Charles ni kijana na anaigizwa na James McAvoy, Magneto kijana ambaye jina lake halisi ni Erik anaigizwa na Michael Fassbender, na Jennifer Lawrence ni Mystique, dada wa kulelewa pamoja na Charles. Kwa hiyo mashabiki tukawa na nyumba mbili, wa zamani wanasema Profesa ni Stewart, vijana wanasema ni McAvoy, na mabishano hayaishi. Hii ya 2014 ikaja kuwaweka wote humo humo. Mwongozaji ni Bryan Singer, yule yule wa ile ya kwanza, script ya Simon Kinberg, na stori imetolewa kwenye katuni ya mwaka 1981 ya Chris Claremont na John Byrne ambayo ilikuwa matoleo mawili tu, la Januari na la Februari.

Stori yenyewe inaanzia 2023, ambayo mwaka 2014 ilikuwa mbali. Dunia imekwisha. Kuna maroboti yanaitwa Sentinel, yalitengenezwa kuwinda mutanti, sasa yanawinda hata binadamu wanaowasaidia na hata wale ambao watoto au wajukuu wao wangekuja kuwa mutanti. Yana uwezo wa kubadilika kulingana na silaha unayotumia, ukiyapiga kwa moto yanageuka kuwa ya barafu, ukiyapiga kwa barafu yanageuka moto. Waliobaki ni wachache, wanajificha kwenye nyumba ya watawa ya zamani huko China juu ya mlima, na humo ndani yumo Charles mzee na Magneto mzee, maadui wa miaka yote, wamekaa upande mmoja kwa sababu hakuna upande mwingine uliobaki. Wanaamua kumrudisha mtu nyuma, siyo mwili, akili tu, iingie kwenye mwili wake wa mwaka 1973, amzuie Mystique asimuue Bolivar Trask, mtengenezaji wa hayo maroboti, mauaji ambayo ndo yalianzisha yote. Wolverine ndo anaenda kwa sababu akili yake inajiponya, mwingine yeyote angepasuka kichwa. Kitty Pryde, anaigizwa na Elliot Page, anakaa kichwani pake mikono hewani kumshikilia asipotee, na wengine wanalinda mlango.

Sasa hapa ndo pa kwanza nilipotaka kumwambia mwandishi wenu. Yeye anazungumza kana kwamba wazee na vijana wanapigana bega kwa bega kama kwenye muvi zingine, wazee wanatokea mwishoni watu wanapiga makofi. Hii haina hicho kitu. McKellen na Fassbender hawaonani hata mara moja. Halle Berry, anayecheza Storm, haonani na Jennifer Lawrence. Vizazi viwili vina miaka 50 katikati na kinachowaunganisha ni mtu mmoja aliyelala mezani macho yamefumba, na akishtuka vibaya kule, daraja linakatika huku. Kila kitu wazee wanachofanya ni kununua muda. Wanakufa mmoja mmoja ili kijana ambaye hawamuoni, kwenye mwaka ambao hawawezi kuufikia, apate dakika chache zaidi za kuamua vizuri. Mi sijaona muvi nyingine ya aina hii inayowapa wazee kazi hiyo.

Kule 1973 Wolverine anagonga mlango wa shule ya Charles na anakuta nyumba imechakaa. Shule imefungwa, walimu na wanafunzi wakubwa wamepelekwa vita ya Vietnam. Charles kijana ni mlevi, nywele ndefu, gauni la kulalia mchana. Na anatembea! Hank McCoy, mutanti mwanasayansi anayeishi naye, amemtengenezea dawa inayomrudishia miguu ila inamuondolea uwezo wake wa kusikia akili za watu. Naomba msomaji atulie hapo kidogo, kwa sababu muvi ingeweza kumfanya mlevi tu wa kawaida lakini imempa chaguo zito, apate miguu au asikie maumivu ya watu, na yeye amechagua miguu, na hutaki kumlaumu kwa sababu unaona jinsi sauti za watu zinavyompasua. Wolverine anamwambia nimetumwa na wewe mwenyewe, na yeye jibu lake kwa kifupi ni toka nyumbani kwangu.

Baadaye sana, baada ya mambo kuharibika Paris, ndo inakuja ile sini ambayo mwandishi wenu ameiita wazee wamekaa chini. Charles ameacha dawa, miguu imekufa tena, wanampeleka kwenye mashine yake inaitwa Cerebro ili amtafute Mystique na anashindwa, mashine inatoa cheche, anaogopa. Wolverine anamwambia niangalie mimi, ingia kichwani mwangu. Charles anaingia, kwanza anakutana na mateso ya Wolverine mwenyewe, watu aliowapoteza, anatetemeka, halafu anapita kupitia kwake, anavuka miaka 50, anafika kule China kwenye chumba cheusi na anamkuta mzee kwenye kiti. Anajiangalia mwenyewe. McAvoy na Stewart, uso kwa uso, na hakuna muziki mkubwa wala mlipuko, ni watu wawili wanaongea.

Kijana anamuuliza mzee kwa hasira kwamba kumbe haya ndo yatakayotupata, kumbe mwisho wetu ni huu. Angalieni mzee anachofanya hapo. Hajitetei hata kidogo, wala hamwambii kijana kwamba sisi tulijenga nyinyi mmebomoa. Anakubali kwamba dunia imeishia hapo. Kisha anamwambia anachokiogopa siyo maumivu ya wengine, ni maumivu yake mwenyewe, na kwamba akikubali kuyabeba yatampa nguvu asiyoijua, na anamuomba, nasema anamuomba, arudi kutumaini. Mzee mwenye busara zote zile anamuomba kijana mlevi! Patrick Stewart alizaliwa 1940, McAvoy 1979, sauti ya mmoja imetulia na ya mwingine inakatika katika, na mi kila nikiirudia hiyo sini naona kitu ambacho kwenye maisha yetu ni adimu mno, mzee anayeongea na kijana bila kumtisha na bila kuficha kwamba enzi zake mambo yaliharibika.

Kwa upande wa Erik nimekaa nikawaza sana na naona hapa ndo muvi ina akili kuliko watu wanavyodhani. Charles alipata nafasi ya kusikilizwa na kijana wake. Erik hakupata. Wolverine alimwambia tu kwa mdomo kwamba tumetumwa na nyinyi wote wawili, wewe na Charles, pamoja, lakini mzee wake mwenyewe hakuwahi kukaa naye akamwambia. Na matokeo yake Erik kijana anarudia makosa yale yale yote. Wanamtoa gerezani chini ya Pentagon, anapanda ndege na Charles, wanagombana mpaka ndege inataka kuanguka, Erik anataja majina ya wenzao waliokufa wakati Charles amejificha, halafu wanatulia wanacheza chesi, unasema sasa wamepatana. Wanafika Paris na kitu cha kwanza anachofanya Erik ni kumuelekezea Mystique bastola, kwa hesabu kwamba akifa yeye basi Sentinel hazitatengenezwa. Anapinda risasi ikamfuata mpaka nje barabarani, damu yake inamwagika mbele ya watu na kamera, na damu hiyo ndo maadui wanaiokota. Alitaka kuzuia balaa kwa kuua, akaisogeza karibu.

Wakati huo huo kule mbele, Magneto mzee anapigana mlangoni, anaumia vibaya, amechomwa na chuma, yeye ambaye chuma ni mtumwa wake, anarudi ndani anaanguka karibu na Charles. Anamwambia miaka yote ile tuliipoteza kugombana sisi kwa sisi, laiti tungerudishiwa hata michache. Wanashikana mikono. McKellen anasema hiyo kitu kwa sauti ya chini sana, na kule nyuma mwili wake wa kijana unang'oa uwanja mzima wa mpira wa RFK pale Washington unaubeba angani kwenda kuuzungushia Ikulu ya Marekani. Sini moja inaingia ndani ya nyingine, John Ottman ndo amekata hizo picha na ndo huyo huyo aliyetunga muziki, kwa hiyo mkono unaokata na mkono unaopiga ni mmoja na unausikia. Mzee anajuta kitu ambacho kijana anakifanya dakika hiyo hiyo kwa fahari. Nani mwingine ametuonyesha hivyo?

Halafu kuna Bolivar Trask, yule mtengeneza silaha, anaigizwa na Peter Dinklage, na hakuna hata mtu mmoja kwenye muvi anayezungumzia kimo chake, ni mwanasayansi basi, hongera kwao kwa hilo. Trask siyo mtu wa chuki za kawaida, anawashangaa mutanti, anawapenda kama mtu anavyopenda kitu anachokichana kwenye maabara. Hoja yake ni kwamba binadamu wamechoka kuuana, vita ya Vietnam ndo inaisha, mkataba wa Paris kwenye historia ya kweli ulisainiwa tarehe 27 Januari 1973, na yeye anasema sasa tumepata adui mmoja wa wote, tutaungana dhidi yake. Kwenye muvi anawauzia hilo wazo Wamarekani na pembeni anajaribu kuwauzia na Warusi na Wachina na Wavietnam. Yaani naye anaunganisha watu! Anawaunganisha kwa hofu. Ukiweka umoja wa Trask upande huu na umoja wa Charles na Erik mlangoni kule China upande ule, muvi inakuwa na uzito ambao ukisema maroboti na milipuko umeuruka wote.

Na Mystique. Kwenye historia ya mwanzo alimuua Trask, akakamatwa, wakachukua damu yake na uwezo wake wa kujigeuza wakaupandikiza kwenye Sentinel, ndo maana yale maroboti ya baadaye hayashindiki. Kwa hiyo kila mtu kwenye muvi anataka kumzuia, Wolverine anamkimbiza, Erik anataka kumuua, Charles anataka kumrudisha nyumbani. Mwishoni pale kwenye majani ya Ikulu amemuelekezea Trask bastola, Charles ana uwezo wa kuingia kichwani mwake na kumgandisha, na tangu udogo wao alikuwa anataka kumuongoza. Anamuachia. Anamwambia nimejaribu kukuongoza tangu siku ya kwanza na angalia tulipofika, amua mwenyewe. Na binti anaamua, anashusha bastola. Hilo ndo linalofuta vita, hakuna ngumi iliyofuta vita. Wolverine, mtu tuliyetegemea amalize kazi, muda huo yuko chini ya mto Potomac amefungwa na vyuma, hana msaada wowote.

Kwenye vibanda tulikuwa tunasema stering hafi. Ilikuwa kama sheria, mtoto akilia unamwambia tulia stering hafi. Hii muvi inaanzia Moscow na ndani ya dakika chache stering wanakufa, Iceman anakatwa kichwa cha barafu kinasagwa, Colossus anachanwa vipande, halafu unagundua kwamba walikufa ili ujumbe ufike kwa wenzao siku chache nyuma. Mwishoni wanakufa tena. Sijui mtafsiri angesema nini hapo.

Sasa na mimi siyo mtu wa kusifia tu, kuna mapengo na mengine ni makubwa. Charles aliteketezwa akawa vumbi kwenye The Last Stand ya 2006, tukalia, hapa yuko mzima na hakuna anayeeleza. Wolverine alikatwa kucha zake za chuma kwenye muvi yake ya 2013, hapa za 2023 ziko kamili, kimya. Kitty kazi yake ilikuwa kupita kwenye kuta, ghafla anaweza kurusha akili za watu miaka 50 nyuma, kimya. Kwenye katuni aliyesafiri alikuwa Kitty mwenyewe na sinema ikampa Wolverine kwa sababu Hugh Jackman ndo anauza tiketi, hapo mwandishi wenu ana haki ya kusema biashara.

Lakini pengo linaloniuma siyo la script, ni la watu. Angalieni nani amesimama mlangoni kule China. Bishop ni Omar Sy, Mfaransa wa wazazi kutoka Senegal na Mauritania. Blink ni Fan Bingbing wa China, anafungua milango hewani, uwezo mzuri kuliko wote kwenye muvi nzima. Sunspot ni Adan Canto wa Mexico, Warpath ni Booboo Stewart anayecheza Mhindi Mwekundu wa Apache. Kizazi kizima, weusi kwa Waasia kwa wenyeji wa Marekani, hawana stori, maneno yao unaweza kuyahesabu, na wanakufa mara mbili ili Charles na Erik wapate muda. Muvi inazungumza juu ya watu wanaobaguliwa kwa walivyozaliwa, na ndani yake wanaofanana na wanaobaguliwa kwenye dunia ya kweli wamewekwa kuwa walinzi wa geti. Ningependa kujua Bishop alikuwa anamuogopa nani, alimpenda nani. Sijaambiwa.

Na Ororo. Watu wengi hapa kwetu wanamjua kwa jina la Storm, yule dada wa nywele nyeupe anayeita radi, na hawajui kwamba ni wa kwetu. Alitungwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Kwenye katuni mama yake anaitwa N'Dare, binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya, baba ni mpiga picha wa magazeti Mmarekani mweusi. Wazazi wanakufa Cairo akiwa mdogo, anaishi kwa kuiba mitaani, halafu anatembea kwa miguu kurudi kusini mpaka nchi ya mama yake, na Profesa Xavier alipomkuta alikuwa Kenya, watu wanamuomba mvua. Kwenye katuni amewahi kuwa kiongozi wa X-Men, kiongozi kabisa, siyo msaidizi. Sasa kwenye muvi inayokutanisha vizazi, ambapo Charles ana ujana wake na Erik ana ujana wake na Hank ana ujana wake na uzee wake, Ororo amepewa nini? Anasimama nje kwenye mvua aliyoiita mwenyewe, anapiga radi mara kadhaa, Sentinel inamchoma mgongoni, anaanguka bondeni. Najua Halle Berry alikuwa mjamzito wakati wanapiga picha mwaka 2013 na ikabidi wampunguzie, hiyo ni sababu ya halali na simlaumu mtu. Ila hata script ya kabla ingempa nini? Hakuna mtu aliyekaa akasema na huyu naye alikuwa binti mdogo mahali fulani, tumtafute. Mabinti zetu wanaoangalia hizi muvi wana mtu wao humo na wanaonyeshwa mgongo wake tu. Ukurasa wenu wa burudani ungeandika hili, lingekuwa kosa la kweli la muvi na siyo lile la wazee kukaa chini.

Ya Quicksilver, yule kijana mutanti anayekimbia kasi kupita risasi, sitaongea sana kwa sababu kila mtu anaongea hiyo, Evan Peters anakimbia ukutani jikoni Pentagon risasi zimesimama hewani na wimbo wa Jim Croce unapigwa taratibu, anaonja supu iliyomwagika, anasogeza risasi kwa kidole. Ni dakika chache na ni furaha tupu. Ila kuna kitu watu wanakipita, kwenye lifti anamwambia Erik kwamba mama yake aliwahi kumjua mtu anayeweza kuvuta chuma. Erik anamuangalia na hasemi kitu. Mtoto amemtoa baba gerezani na hakuna kati yao anayejua, na muvi inaendelea bila kutuelezea. Kwa watu wanaolalamika kwamba Hollywood inatafuna kila kitu kabla ya kumpa mtazamaji, hapo walituheshimu.

Mwisho wake Wolverine anaamka 2023 nyingine. Shule imejaa watoto, wanakimbia kwenye korido, Hank mzee anampita, Ororo yupo, Rogue, mutanti mwenzao, yupo ameshikana mkono na Bobby, yaani Iceman, halafu anamuona Jean Grey amesimama mlangoni, Famke Janssen, mwanamke ambaye alilazimika kumuua kwa mkono wake kwenye ile ya 2006, na Scott, mpenzi wa Jean, naye anatokea mzima. Anataka kumgusa Jean na Scott anamzuia na yeye anafurahi hata kwa kuzuiwa. Anakuja ofisini kwa Charles, na ni yeye peke yake duniani anayekumbuka yale mateso, wengine wote wameshaishi maisha mengine. Charles anamuelewa mara moja, kwa sababu yeye amengoja miaka 50 mgeni wake arudi. Watu wamesema hapo wamefuta tu makosa ya muvi ya 2006 kwa kalamu. Sawa wamefuta, lakini mtu mmoja amebaki na kumbukumbu zote za kile kilichofutwa, na uso wa Hugh Jackman pale ofisini unaonyesha kwamba hajui aanze kulia au kucheka.

Iliingiza zaidi ya dola milioni 740 dunia nzima na ikatajwa kugombea Oscar ya madoido ya picha (visual effects), kwa hiyo ndiyo, biashara ilifanyika. Sijakataa. Ninachokataa ni kwamba hapakuwa na kitu kingine.

Mhariri, naomba mwandishi wenu aiangalie tena, na kama ataweza atafute ile iliyotoka 2015 inaitwa The Rogue Cut, ni ndefu zaidi, humo Charles na Magneto wazee wanatoka na Iceman kwenda kumuokoa Rogue kwenye shule yao ya zamani ambayo imegeuzwa gereza, na Rogue anampokea Kitty kazi ya kumshikilia Wolverine baada ya Kitty kuumia. Akishaiona aandike tena hata kama atabaki na msimamo wake. Ila safari hii aandike kuhusu Cerebro, na aandike kuhusu Ororo, na jina lake aliandike kamili, Ororo Munroe, binti wa N'Dare wa Kenya.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro